Pima udongo wa juu kabla buldoza haijaingia

Karibu mtazamaji. Leo tunapima udongo kwenye eneo litakalochimbwa madini, ukanda huu wa Dodoma na Manyoni, tujue upi utunzwe kwa ajili ya kurudishia ardhi.

Chimba shimo la kina cha sentimita 60, ubavu mmoja uwe wima. Kila aina ya ardhi ipate shimo lake: mteremkoni, tambarare, mbugani. Kwangua ubavu kwa kisu, utazame. Hizi sentimita 15 za juu zimekolea rangi, zina vijizizi na njia za mchwa. Mbegu za nyasi zimo humu. Chini yake ni wekundu mtupu, sururu inagonga kama kwenye tofali. Weka futi, andika kina. Hekta moja kwa kina hiki ni mita za ujazo 1,500, kwa hiyo tenga mapema mahali pa lundo. Buldoza likishuka hadi kwenye wekundu, mbegu zimepotea.

Sasa kipimo cha glasi, usikiruke. Chukua bonge kavu, ukubwa wa choroko, litumbukize taratibu kwenye glasi ya maji. Usikoroge. Maji yawe ya mvua: visima vingi huku vina chumvi, na chumvi hugandanisha chembe za mfinyanzi, hivyo udongo mbovu utaonekana mzima. Tazama baada ya dakika 10, kisha saa 2. Bonge likiporomoka na maji yakabaki maangavu, udongo unafaa, ila uongezewe samadi. Likitoa ukungu kama maji ya kuoshea mchele, una magadi. Mvua za Desemba zitauziba juu kama sakafu, mbegu hazitatoboa, na maji yatachimba makorongo. Huo usiwe tabaka la juu. Ukiwa huna mwingine, jasi (gypsum) husaidia, nayo huchimbwa hapo Itigi. Kiasi chake kipangwe na maabara.

Mawe yakizidi theluthi, uache. Pia pH, yaani kipimo cha uchachu wa udongo, iwe kati ya 5.5 na 8.5.

Kwangua udongo ukiwa na unyevu kidogo: ukiufinya unashikana, ukiuangusha unasambaratika. Ukilowa, mashine huushindilia. Ukikauka, upepo huubeba. Lundo lisizidi mita 2 kwenda juu, likae mbali na mkondo wa maji, lipandwe nyasi. Na liwekewe kibao, maana dereva asiyeambiwa atalichota akafukie mashimo ya barabara.