Pima Mzigo Kwanza, Shanta Baadaye

Ndugu waongoza wageni, walimu wangu, na vijana wa vyuo mliofika hapa Kigoma mjini jioni hii, nawashukuru kwa kuitikia wito. Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua shanta nyepesi ya safari ndefu za miguu, nami naanza na msimamo usiowapendeza wauzaji: shanta ndicho kifaa cha mwisho kununuliwa. Anayeanza na shanta kubwa huijaza, kwa sababu nafasi tupu humtamanisha mtu. Na anayekimbilia shanta nyepesi kabla hajapunguza vitu vyake hujikuta na mzigo ambao mikanda yake haikushonwa kuuhimili.

Kwa hiyo tandazeni vifaa vyote mkekani, mvipime kwa mizani. Tengeni chakula, maji na mafuta ya jiko, maana hivyo hupungua njiani. Kinachobaki, pamoja na shanta yenyewe, ndicho uzito wa msingi. Huko Marekani, ambako mtindo huu umekomaa, anayehesabiwa kuwa mwepesi kabisa ni yule ambaye uzito wake wa msingi hauzidi kilo 4.5 hivi. Sioni sababu ya kuifanya hesabu hiyo kuwa amri. Kwa vifaa tunavyoweza kuvimudu hapa kwetu, anayefikia kilo 7 amefanya kazi nzuri, na shanta ya lita 45 hadi 55 itamtosha. (Emma Gatewood, Mmarekani aliyetembea njia nzima ya Appalachian, njia ndefu ya miguu ya huko kwao, mwaka 1955 akiwa na umri wa miaka 67, alibeba mfuko aliojishonea mwenyewe, akautupia begani.)

Sasa tuje kwenye fremu, yaani kiunzi kigumu kinachoushikilia mgongo wa shanta usijikunje, ambako wengi hukosea. Shanta za kawaida hufika kilo 2 na zaidi, ilhali zisizo na fremu huweza kuwa chini ya nusu kilo. Hata hivyo fremu si pambo, kwani ndiyo inayohamisha uzito kutoka mabegani hadi kwenye nyonga. Ikikosekana na mzigo ukavuka kilo 9 au 10, mgongo wa shanta hujikunja, mkanda wa kiunoni ukakosa kazi, na mabega yakabeba yote. Hapa maji ndiyo yanayoamua, kwa kuwa kila lita ni kilo moja. Katika Milima ya Mahale, ambako kilele cha Nkungwe kina mita 2,462, misitu ya miteremkoni hutunza vijito, hivyo mtu anaweza kubeba maji kidogo na kuyatibu mengine njiani. Lakini ukielekea Tabora kwenye miombo mwezi wa Septemba, mito mingi imebaki mchanga, nawe utalazimika kubeba lita 5 au 6. Shanta iliyokupa raha Mahale itakuadhibu huko. Mkazi wa ukanda huu anayetaka shanta moja tu namshauri achukue yenye fremu nyepesi, ya kilo moja hivi, asizililie zile gramu za ziada.

Urefu wa mtu hauoneshi urefu wa mgongo wake. Inamisha kichwa, mwenzako atafute mfupa unaochomoza chini ya shingo, kisha apime kwa utepe wa fundi cherehani hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kipimo hicho ndicho kinacholinganishwa na urefu wa mgongo wa shanta.

Kuhusu kitambaa, denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni ya denia 210 inastahimili miiba yetu vizuri, ilhali ya denia 70 inataka mtu mwangalifu. Dyneema, kitambaa cha nyuzi za plastiki zilizo imara sana, ni nyepesi na hainyonyi maji, lakini bei yake ni kubwa mno. Kitambaa chochote kile, mvua hupenya kwenye mishono na zipu, kwa hiyo wekeni ndani mfuko wa kitambaa kisichopitisha maji. Msitumie ile mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa, maana imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019.

Rangi nayo si suala la urembo. Mbung'o huvutiwa na buluu na nyeusi, ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo, na anayepita porini na shanta ya buluu anatembea na mtego mgongoni. Chagueni kaki au kijani kilichofifia.

Wengi wetu tutanunua kwenye mitumba, na hakuna ubaya. Geuzeni shanta nje ndani: kama utando wa ndani unanata au unabanduka kama magamba, umekwisha kuoza na hakuna dawa. Mshono uliofumuka si tatizo, fundi ataurudia. Kisha itieni mchele wa kilo 10 papo hapo, mfunge kwanza mkanda wa kiunoni, na mtembee sokoni nusu saa kabla ya kutoa fedha. Muuzaji akikataa, nendeni meza ya pili.