Simu Isiwe Mshahara wa Kusoma
(Mhadhara kwa wazazi, Manyatta, Kisumu)

Wazazi wenzangu, hamjambo? Najua wengine mmetoka soko la Kibuye na biashara mmeiacha wazi, kwa hivyo sitazunguka. Kuna maneno nayasikia kila mtaa, Nyalenda hadi Milimani: "Maliza homuwaki nikupe simu." Leo tuyashike hayo tu. Ya macho kuuma mmeshaambiwa.

Mwaka 1973 huko Marekani, mwanasaikolojia Mark Lepper na wenzake walitafuta watoto wa chekechea waliopenda kuchora. Kundi moja waliahidiwa cheti wakichora. Baadaye kalamu za rangi zilipowekwa tena mezani, bila cheti, watoto hao walichora kwa karibu nusu tu ya muda wa wenzao ambao hawakuahidiwa kitu. Kulikuwa na kundi la tatu, waliopewa cheti kwa ghafla baada ya kuchora. Hao hamu yao haikupungua. Ubaya ulikuwa kwenye ile ahadi.

Na hao walipenda kuchora! Sasa huyu wetu wa gredi ya tano, ambaye hesabu za sehemu anazikimbia, ukimwahidi simu umemthibitishia kwa kinywa chako kwamba daftari ni adhabu. Atajaza chochote apite. Walimu tunayaona: swali la kwanza limeandikwa vizuri, la sita ni mwandiko wa kuku.

Mtasema, "Si ni nyinyi mnaotuma kazi kwa WhatsApp?" (Kicheko.) Ni sisi. Basi mzazi asome maswali, mtoto ayanakili, simu irudi kwa mwenyewe. Akibaki nayo "kuangalia swali", video moja ikiisha nyingine inajianzisha, na hapo hata mtu mzima hatoki.

Mimi ningetenganisha mambo haya kabisa. Mpe muda wake wa simu, tuseme Jumamosi mchana, na usiufunge kwenye alama. Najua hapo wengi hamkubaliani nami. Usiku simu ichajiwe chumbani kwenu. Halafu mwambie akueleze alichosoma, hata kwa Dholuo, na umbishie kidogo. Mtoto akigundua kuna jambo analijua kukushinda, utamchoka kwa maelezo.

Naona mkono pale nyuma. Mama anauliza: na kama ameshazoea ahadi? Atanuna, mama. Muache anune, lakini usimwongezee bando ili anyamaze.