Mtoto wa Nne Hana Zamu: Mhadhara wa Jenetiki kwa Wanafunzi, Mombasa

Asanteni. Kaeni, kaeni, joto la leo si la kusimama. Muundo wa seli mnao madaftarini: utando, saitoplazimu, kiini, na ndani ya kiini nyuzi zinazobeba jeni za urithi, kromosomu 46, yaani jozi 23, nusu za baba na nusu za mama. Siurudii. Nimekuja kugombana na jibu moja ninalolikata kwa kalamu nyekundu kila mwaka: “Wazazi wote wawili wakiwa na jeni moja ya selimundu, mtoto wa nne ndiye atakayeugua.”

Selimundu ni ugonjwa wa kurithi wa seli nyekundu za damu. Nani kawaambia maradhi yana zamu?

Nina sarafu mbili za shilingi kumi hapa, moja ya baba, moja ya mama. Simba ni jeni nzima, ngao ni jeni ya selimundu. Wazazi wenyewe ni wazima, huenda hata hawajui wanachobeba. Narusha zote mbili: huyo ni mtoto mmoja. Simba na simba, mzima. Simba na ngao, mzima lakini mbebaji, na hilo hutokea kwa njia mbili, ndiyo maana uwezekano wake ni nusu. Ngao na ngao, mgonjwa: robo. Haya, mtoto wa pili. Naziokota zilezile, narusha tena. Sarafu inajua ilivyoanguka mwanzo? Haijui! Robo ni ileile kila mimba. Ndiyo sababu nyumba hii ina watoto sita wazima watupu, na ya jirani wawili wa kwanza wote wanaumwa.

Namwona mmoja kule nyuma anasema moyoni, “Mwalimu, hayo ni majaliwa ya Mungu.” Sikatai, mwanangu, nami naamini. Ila majaliwa usiyafanye fimbo ya kumchapia mke. Nimechoka kusikia “maradhi haya yametoka ukeni”. Tazameni mezani: bila ngao ya baba, ngao mbili zitatoka wapi?

Na ngao yenyewe ni herufi moja tu ya DNA, yale maandishi ya urithi, kwenye kromosomu ya 11: A imekuwa T. Basi katika mnyororo wa beta wa himoglobini, ile protini ya seli nyekundu inayobeba oksijeni, nafasi ya sita, palipokuwa na asidi amino iitwayo asidi ya glutamiki pamekaa nyingine, valini. Himoglobini hiyo ikishaachia oksijeni hushikana ikawa nyuzi, seli nyekundu hupinda, huziba vijishipa, na mtoto hulia mifupa usiku kucha. Seli nzima huishi siku 120 hivi. Hii iliyopinda, 10 hadi 20.

Mbona jeni hii haikutoweka? Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alipima damu za watu mwaka 1949 akakuta wabebaji ni wengi huku kwetu pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na haba nyanda za juu. Malaria! Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: jeni moja humkinga mtu na malaria kali. Kali, nimesema. Mbebaji asitupe chandarua.

Mwenye ukumbi ananikodolea macho. Meiosisi, mgawanyiko wa seli unaotoa yai na mbegu, kwa ufupi: yai au mbegu ya kiume hupata kromosomu 23 tu, na hapo ndipo sarafu hurushwa. Mitosisi, mgawanyiko wa kawaida wa seli, someni wenyewe. Mitokondria, kile kiwanda cha nishati cha seli, nayo ina DNA yake, na hiyo, ndiyo, hutoka kwa mama. Maswali?