Simu Ikiita Ukiwa Kabwe
(Mhadhara kwa wahitimu wa famasia, Mbeya)

Marahaba, marahaba. Kaeni, wadogo zangu.

Usaili wangu wa kwanza wa simu, wa kazi ya kuuzia madaktari na hospitali dawa za kampuni, niliufanyia kwenye daladala. Saa ya kupigiwa niliijua tangu jana yake, nikapiga hesabu kwamba itanikuta nimeshafika nyumbani. Simu ikaita tuko Kabwe, konda ananing'inia mlangoni: "Sae, Nanenane, Uyole!" Dada wa Dar es Salaam akaniuliza naishi wapi. Konda akamjibu. (Kicheko.) Kazi akapata mwingine.

Kwa hiyo habari za chaji, vocha na kutafuta chumba kilichotulia sizigusi, mmeshaelewa. Nina maswali mawili tu, maana hayo ndiyo yanayowaangusha watu wenye alama nzuri kuliko zangu.

La kwanza: "Tukikupa Nyanda za Juu Kusini, wiki yako ya kwanza utaipangaje?" Wengi hujibu, "Nitatembelea hospitali zote." Hapo umeshaonyesha kwamba barabara huijui. Kutoka mjini, ukifika Uyole unachagua: ukate kulia uteremke Tukuyu hadi Kyela, au unyooke Chimala, Igawa, Makambako, kisha Njombe. Tunduma iko upande mwingine kabisa, unapita Mbalizi na Vwawa. Huwezi kula chai Kyela ukalala Tunduma ukasema umefanya kazi. Halafu oanisha njia na mzigo. Kyela ni joto, ziwa liko pale, malaria ipo. Makete mtu anaamka na koti. Ukisema dawa ya malaria utaanza kuisukuma Makete, anayekusikiliza anafunga daftari. Kama kampuni inauza dawa za kuongeza damu kwa wajawazito, Meta, hospitali ya wazazi hapa mjini, iwe ya kwanza mdomoni mwako.

Chora njia hiyo kwenye karatasi, ibandike ukutani mbele yako. Hakuoni! Uzuri pekee wa usaili wa simu ndio huo, na watu wanauacha.

La pili, anayekusaili anajifanya daktari: "Mimi ni daktari, nina wagonjwa 30 kwenye benchi. Niuzie." Hapa ndipo wahitimu wetu wanaanza kusoma famakolojia yote, daktari wa watu anakata simu. Chukua mfano wa mseto, dawa ya malaria. Sema: "Daktari, mtu mzima anakunywa vidonge vinne mara mbili kwa siku, siku tatu, jumla 24. Dozi ya pili ni saa 8 baada ya ya kwanza, na anywe akiwa amekula, chakula chenye mafuta." Kisha toa kinachoitofautisha dawa yako: bei, upatikanaji, namna ilivyofungashwa. Kisha uliza: "Wagonjwa wako wanakwama wapi, dozi ya pili au siku ya tatu?" Halafu nyamaza. Kunyamaza kwenye simu kunatisha, sekunde tano unadhani mtandao umekata, unaanza "Haloo? Haloo?" Usifanye hivyo. Mwache afikirie.

Jambo dogo lakini linauma: mkitaja mamlaka ya serikali inayosimamia dawa, msiseme TFDA. Tangu 2019 ni TMDA, chakula na vipodozi vilikwenda TBS, shirika la viwango. Ukiteleza hapo, anajua unasomea madaftari ya kaka yako. Na ujue famasi si duka la dawa muhimu. Kwenye duka la dawa muhimu, orodha ya dawa za cheti wanazoruhusiwa ni fupi, kwa hiyo usimwahidi bosi kwamba utawajazia kila kitu.

Mshahara? Taja kiwango, funga mdomo. Kiingereza atakugeuzia katikati bila kukuaga, kwa hiyo yale maneno ya daktari yafanyieni mazoezi kwa lugha zote mbili.

Haya, wewe mwenye shati la bluu. Toka hadi barazani, simama, usikae. Namba yangu ipo ubaoni. Nipigie, mimi ni daktari, nina foleni.