Mjane Yuko Upande wa Adui: Vyama vya Bima vya Wahamiaji wa Marekani, 1914–1920

Habari za jioni, ndugu zangu. Sina haja ya kuwaeleza chama cha kufa na kuzikana ni nini. Wengi humu ukumbini mna daftari lake nyumbani. Leo nataka tuwatazame watu waliokuwa na chama cha namna hiyo, ambao mwanachama alifia huku, mjane wake yuko kule, na katikati pana vita.

Watu hao ni Waslovaki, Wakroatia, Waslovenia, Waukreni na wenzao waliotoka katika milki ya Austria-Hungaria wakaenda Marekani kuchimba makaa ya mawe Pennsylvania na kuyeyusha chuma Pittsburgh na Cleveland. Mgodi ulikuwa ukiua, na kampuni kubwa za bima ziliwaona watu wa hatari. Basi wakaunda vyao. Waslovaki walianzisha viwili mwaka 1890, National Slovak Society kule Pittsburgh na Jednota (yaani "umoja") ya Wakatoliki kule Cleveland. Mwaka 1894 Waukreni walianzisha chao Shamokin, na Wakroatia chao upande wa Pittsburgh. Waslovenia wa mrengo wa wafanyakazi wakaanzisha chao, SNPJ kwa kifupi, Chicago, mwaka 1904.

Muundo wake mtautambua mara moja. Chini kuna tawi, labda watu 40 au 100, linalokutana mara moja kwa mwezi katika ukumbi wa kanisa au nyuma ya baa. Tawi ndilo linalopokea michango, na mara nyingi ndilo linalolipa fao la ugonjwa, dola chache kwa wiki, baada ya daktari kuandika cheti na wajumbe wawili kwenda kumtazama mgonjwa kitandani. Wajumbe hao walikuwa wakali: mgonjwa akikutwa baa, fao limekwisha. Juu kuna makao makuu, yanayoshika mfuko wa vifo na kulipa fao kubwa, kwa kawaida kati ya dola 500 na 1,000.

Sasa chukueni hati ya mwanachama wa kawaida, ile karatasi iliyopambwa kwa bendera na mikono iliyoshikana. Ina jina, namba ya tawi, kiasi, na mstari mmoja unaosema fao lilipwe kwa nani. Kwa mwanaume aliyekwenda Marekani peke yake, mstari huo una jina la mke au mama, na kijiji kilicho ng'ambo. Matatizo yote nitakayoyataja yanaanzia kwenye mstari huo.

Watu wakisikia chama cha bima na vita, mawazo yao huenda kwa askari waliouawa. Askari walikuwa shida, ndiyo, lakini si ile iliyowakosesha usingizi makatibu. Mwaka 1914 Marekani haikuwa vitani. Wachimbaji waliendelea kufa chini ya miamba kama kawaida, na mafao yao yalitakiwa yavuke bahari. Siku ya pili tu ya vita yao na Ujerumani, Waingereza walikata nyaya za telegrafu za Kijerumani chini ya bahari, kisha wakaanza kukagua posta na meli. Katibu aliyezoea kutuma hundi kwa benki ya Vienna au Budapest, akasubiri wiki kadhaa na kupata stakabadhi, sasa alisubiri miezi, au stakabadhi haikurudi kabisa. Na bila stakabadhi hawezi kuifunga hesabu ya marehemu, maana kesho atakuja shemeji kudai kwamba hakuna aliyelipwa.

Halafu kuna kroni, fedha ya Austria-Hungaria. Kabla ya vita dola moja ilikuwa karibu kroni 4.93. Hati imeandikwa kwa dola, lakini mjane anapokea kroni. Vita vilipoendelea thamani ya kroni ilianza kuteremka, na kwa juujuu hilo ni neema: dola 1,000 zinanunua kroni nyingi zaidi. Lakini mjane aliyeziweka benki kijijini aliangalia zikiyeyuka. Mwaka 1922 pale Vienna dola moja ilikwisha kupita kroni 70,000. Hapa kuna kitendawili ambacho bado kinanishangaza: mjane ambaye chama kilishindwa kumlipa, fedha zake zikabaki Pittsburgh kwa dola, mara nyingi alikuja kupata zaidi kuliko mwenzake aliyelipwa haraka. Bila shaka alikuwa amekaa miaka minne akiwa na njaa.

Tarehe 6 Aprili 1917 Marekani iliingia vitani dhidi ya Ujerumani, na tarehe 7 Desemba mwaka huohuo dhidi ya Austria-Hungaria. Katikati, tarehe 6 Oktoba, zilipita sheria mbili kwa siku moja. Ya kwanza ilikataza biashara na adui. Ilisomeka vibaya sana kwa vyama hivi, kwa sababu haikuangalia uraia peke yake. Iliangalia mtu anakaa wapi. Mama mzee Mslovaki, asiyempenda mfalme wa Vienna hata chembe, alikuwa adui au mshirika wa adui kwa kuwa nyumba yake imesimama katika ardhi ya Hungaria. Mwanawe aliyekaa Cleveland bila kujiandikisha uraia hakuwa adui kwa maana hiyo. Kumlipa mama lilikuwa kosa la jinai.

Katibu afanye nini na dai kama hilo? Kwanza, alipokee na kulikubali kitabuni, tarehe ya kifo na kiasi, ili deni lijulikane. Pili, aitaje fedha hiyo kwa Msimamizi wa Mali za Adui, ofisi iliyokuwa chini ya A. Mitchell Palmer, kwa kuwa kuishika kimya pia ni kosa. Tatu, Msimamizi akiitaka, akabidhiwe, na risiti yake inakiondolea chama deni. Anayedai tena ataelekezwa huko. Asipoitaka, fedha inakaa katika akaunti iliyotengwa peke yake. Hapa ndipo vyama vilivyokuwa na mpangilio mbovu viliteleza. Fedha ya madai yasiyolipwa ilibaki ndani ya mfuko wa vifo, ikaonekana kama ziada, wajumbe wakaisifu hali ya chama, na amani ilipokuja madai yote yakabisha hodi mwezi mmoja.

Sheria hiyohiyo ilikuwa na kifungu cha 19. Gazeti la lugha ya kigeni likichapisha jambo lolote la serikali au la vita, lilitakiwa kukabidhi tafsiri ya Kiingereza kwa mkuu wa posta, chini ya kiapo, hadi litakapopewa kibali. Mtauliza gazeti linahusiana nini na bima. Linahusiana sana: katika katiba za vyama hivi, tangazo la mchango lilihesabiwa limemfikia mwanachama likishachapwa katika gazeti la chama. Tangazo la mchango maalumu kwa sababu ya vita linahusu vita. Tafsiri ikichelewa, tarehe ya mwisho ya kulipa nayo inayumba, na wakili wa mtu aliyesimamishwa uanachama atalishika hilo mahakamani.

Sheria ya pili ya siku ile iliwapa askari wa Marekani bima ya serikali ya kati ya dola 1,000 na 10,000, kwa bei ya wakati wa amani, hatari ya vita ikibebwa na hazina. Ilivipunguzia vyama mzigo, lakini si kwa wote. Vijana zaidi ya 20,000 wa Kipolandi walijiunga Amerika na jeshi lililoundwa Ufaransa, wakafunzwa Niagara-on-the-Lake kule Kanada. Hao hawakuhesabiwa askari wa Marekani, kwa hiyo bima ile haikuwahusu. Na wapo waliorudi kijijini kiangazi cha 1914 kutazama wazazi, wakavishwa sare za jeshi la mfalme. Michango yao ilikatika. Je, wamejitoa chamani, au wamezuiwa?

Kuhusu vifo vya vita vyenyewe, kila chama kilikuwa na njia chache: kukataa kulipa, kulipa sehemu, kumtoza askari nyongeza, au kulipa kamili na kuwagawia wote gharama. Hati ya chama cha udugu si kama ya kampuni. Mwanachama anatia saini kwamba atafuata katiba ya leo na marekebisho ya kesho, kwa hiyo mkutano mkuu unaweza kuongeza kifungu cha vita baada ya mtu kujiunga. Je, unaweza kupunguza fao alilokwisha ahidiwa? Mahakama za Marekani hazikukubaliana.

Angalieni maneno ya kifungu chenyewe. Wengine waliandika kwamba hakuna fao mwanachama akifa "akiwa katika utumishi wa jeshi". Wengine waliandika "kwa sababu ya utumishi wa jeshi". Aliyetunga huenda hakuona tofauti. Kisha Septemba 1918 mafua yakaingia Camp Devens, Massachusetts, na baada ya hapo kambi karibu zote. Kuruta anakufa kitandani, hajawahi kusikia bunduki ya adui. Kwa maneno ya kwanza, familia haipati kitu. Kwa maneno ya pili, mafua yaleyale yamewaua majirani zake raia mtaani, hivyo chama kinalipa. Wanajeshi wa Marekani waliokufa kwa sababu nyingine, zaidi magonjwa, walizidi waliouawa vitani: 63,000 hivi kwa 53,000 hivi. Kwa hiyo herufi chache zile ziliamua mashauri mengi.

Na hayo mafua ndiyo pigo lenyewe. Niandike ubaoni. Chukua chama cha mfano chenye watu 20,000 na fao la dola 1,000. Vifo 8 kwa kila 1,000 kwa mwaka ni vifo 160, yaani 13 kwa mwezi. Kila mtu anachanga dola 8 kwa mwaka, senti 67 hivi kwa mwezi, nazo zinaleta 13,300. Sasa weka Oktoba 1918 yenye vifo 120. Unadaiwa 120,000, umekusanya 13,300. Pengo ukiligawa kwa kichwa ni dola 5 na senti 33. Kibarua wa United States Steel wakati huo alilipwa senti 42 kwa saa, hivyo unamwomba karibu saa 13 za jasho, tena nyumbani kwake mwenyewe kuna wagonjwa.

Watakwimu bima, wale wanaopiga hesabu za vifo na akiba, waliona jambo la ndani zaidi. Mafua yale yaliwaua hasa watu wa miaka 20 hadi 40. Mzee wa miaka 58 aliyechanga tangu ujana ana akiba yake ndani ya mfuko, tuseme dola 450. Akifa, chama kinaongeza 550 tu. Kijana wa miaka 28 aliyejiunga juzi ana labda dola 30; kifo chake kinachota 970 kutoka ziada ya wote. Kwa hiyo vifo 100 vya vijana si sawa na vifo 100 vya wazee, hata kama hundi ni zilezile. Vyama vilivyokuwa bado vinatoza kila mtu kiwango kimoja bila kujali umri havikuwa na akiba hiyo wala ziada. Vilivyokuwa vimehamia viwango vya umri, kwa shinikizo la sheria za majimbo zilizofuata mwafaka wa wasimamizi wa bima na vyama uliofikiwa Mobile, Alabama, 1910, vilipumua.

Ziada yenyewe ilikuwa wapi? Nyingi ilikuwa imetiwa katika hati fungani za Liberty, ambazo serikali iliziuza ili kugharimia vita. Chama cha wahamiaji wenye asili ya nchi ya adui kingezikataaje? Awamu ya kwanza ililipa riba ya 3.5%, wakati vyama vingi vilipiga hesabu ya akiba kwa 4%. Pengo dogo, lakini la kila mwaka. Kosa kubwa lilikuwa kuziuza kwa pupa kulipa madai. Katibu mwenye akili alizipeleka benki kama dhamana akakopa, kwa kuwa mikopo yenye dhamana hiyo ilipendelewa, kisha akairudisha kwa mchango maalumu wa senti 25 au 50 kwa mwezi. Aliyelazimika kuuza katikati ya 1920 alikuta baadhi yake zimeshuka chini ya dola 85 kwa kila 100.

Chini kwenye matawi, tatizo lilikuwa la miguu. Oktoba 1918 mikusanyiko ilipigwa marufuku katika miji mingi, na michango ililipwa mkutanoni. Hakuna mkutano, hakuna mchango. Mwezi ukipita, mtu amesimamishwa. Akifa akiwa amesimamishwa, fao hakuna. Dawa yake ni tawi kuwalipia wanachama wake wote kutoka kasha lake, kama matawi yalivyowalipia wanachama waliokuwa jeshini, na katibu kupita nyumba kwa nyumba baadaye. Fao la ugonjwa nalo lilikwama: wajumbe wawili hawawezi kumtembelea mgonjwa aliyewekewa karantini, kwa hiyo cheti cha daktari pekee kilitakiwa kutosha. Tawi lililong'ang'ania ziara liliwapoteza wajumbe.

Amani ilipokuja, na sheria iliporekebishwa mwaka 1920 ili raia wa mataifa mapya kama Czechoslovakia wadai mali zao, kazi ilihamia kwenye makaratasi. Jina la marehemu kwenye hati ni Juraj Kováč. Cheti cha ubatizo, cha Kihungaria, kinasema Kovács György. Orodha ya mishahara ya mgodi inasema George Smith, kwa kuwa msimamizi alisikia kwamba neno hilo maana yake ni mhunzi. Watu watatu, maiti moja. Tawi lilitoa kiapo cha mashahidi wawili kwamba ni yuleyule, mamlaka ya kule ikathibitisha mjane, na mtoto mdogo akawekewa mlezi kabla fedha haijatoka.

Kisha linabaki swali la tarehe. Mjane akiwa amekufa kabla ya mumewe, fao linafuata ngazi ya katiba: watoto, wazazi, ndugu wa marehemu. Akiwa amekufa baada yake, hata kwa siku sita, fao lilikwisha kuwa lake, na linakwenda kwa warithi wake yeye, pengine upande wa ukoo ambao mume hakupatana nao kabisa. Ndiyo maana barua ya kwanza ya katibu kwenda kijijini haikuuliza warithi ni nani. Iliomba nakala ya daftari la mazishi la parokia.