Jinsi ya kujiandaa kwa Everest Base Camp mara ya kwanza: mwili, buti na begi

Haya jamani, karibuni tena dukani, Moshi. Leo hatupandi Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Leo tunamfungashia mtu anayekwenda Nepal kwa mara ya kwanza, kutembea mpaka kambi iliyo chini ya Everest, mita 5,364. Kambini, siyo kileleni. Nasema mapema kwa sababu kila nikitaja Everest, kuna mtu ananiuliza kama nimeaga nyumbani.

Wengi wanaokuja kukodi vitu hapa wameshafika Uhuru, juu kabisa ya Kibo, mita 5,895, kwa hiyo wanaona kule ni mteremko. Ngoja kwanza. Kibo unatoka kambi ya Barafu usiku wa manane, asubuhi uko juu, jioni umeshashuka unalala chini ya mita 4,000. Kule unalala huko huko juu. Dingboche mita 4,410, tena siku mbili. Lobuche 4,940. Gorak Shep 5,164, ambako kila pumzi inakupa oksijeni karibu nusu ya ile ya Tanga. Kwa hiyo maandalizi yetu leo ni ya kulala, kula na kunywa maji huko juu. Miguu mnayo tayari.

Mazoezi nayapitia haraka. Miezi mitatu, ngazi na vilima, begi lenye chupa za maji mgongoni. Uko Nairobi, Longonot na Ngong zipo. Uko Arusha, Meru unauona dirishani. Uko Dar, panda ngazi za ghorofa, mlinzi atakuzoea. Ila fanya Jumamosi na Jumapili mfululizo, maana mguu unajulikana siku ya pili. Tumemaliza mazoezi.

Ratiba. Hapa msikimbie. Ukishapita mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne unabaki ulipo. Ndege inakushusha Lukla, mita 2,860 hivi. Namche Bazaar ni 3,440, na pale unalala mara mbili. Siku ya kubaki siyo ya kujifunika blanketi: unapanda mpaka Hotel Everest View, kama mita 3,880, unakunywa chai ya bei ya kuumiza, unarudi kulala Namche. Panda juu, lala chini. Ukiletewa safari ya bei nafuu iliyofuta siku ya Namche au ya Dingboche, wanachokupunguzia ni siku za mwili kuzoea. Kataa.

Dawa, kaongee na daktari, mimi nauza buti. Atakwambia kuhusu asetazolamaidi, wengi mnaijua kwa jina la Diamox. Kipimo cha kawaida cha kujikinga kwa mtu mzima ni miligramu 125 mara mbili kwa siku, kuanzia siku moja kabla ya kupanda. Mwenye mzio wa dawa za salfa aseme mapema. Utakojoa sana, vidole vitachomachoma, na soda itakuwa na ladha mbovu. Kwa mtu wa Fanta kama mpwa wangu huyu mshika simu, ni msiba.

Lakini dawa haikupi ruhusa ya kukaidi. Kichwa kikiuma na kichefuchefu kipo, siku hiyo hupandi. Ukishindwa kutembea kwenye mstari ulionyooka, au unahema hali umekaa tu, unashuka wakati huo huo, usiku au mchana, na hushuki peke yako. Pheriche kuna kituo cha Himalayan Rescue Association, wana madaktari misimu ya matembezi, lakini hata wao dawa yao ya kwanza ni kukushusha. Bima yako iandike wazi kwamba inalipia helikopta na matembezi mpaka mita 6,000. Soma maandishi madogo. Zipo bima zinazoishia 4,000.

Sasa buti. Mjomba, shusha simu. Chini zaidi. Hapo unawaonyesha tumbo langu. Haya.

Soksi kwanza: nyembamba ndani, ya sufu nje. Vuta, pitisha kidole gumba kisiginoni, pitisha juu ya vidole. Pana mkunjo? Vua, vaa upya. Mkunjo mdogo tu, ukifika Namche ni lengelenge, na hilo utarudi nalo mpaka Lukla.

Ingiza mguu, gonga kisigino chini mara mbili tatu ili mguu ukae nyuma. Kisigino! Ukigonga kwa mbele umeharibu, fungua uanze tena. Kamba za juu ya vidole ziache ziwe na nafasi, ukizikaza damu haishuki na vidole vinakufa ganzi kwa baridi. Pale mguu unapokunjika, pishanisha kamba, zungusha mara mbili badala ya moja, kaza hapo. Mmeona?

Hamjaona. Mkono wangu umeziba. Narudia na mguu wa kushoto.

Soksi, mikunjo hakuna. Gonga kisigino. Mbele nafasi. Hapa kwenye mkunjo wa mguu: moja, mbili, kaza. Mzunguko huu ndio unashika kisigino kisipande. Halafu ndoano: anza na ya juu kabisa, rudi chini kwa ile inayofuata, funga fundo hapo. Halifyatuki. Sasa simama kwenye ngazi, ncha za buti ziangalie chini. Vidole vikigusa mbele, buti ni dogo au hukukaza kwenye mkunjo. Kutoka Gorak Shep mpaka Lukla unashuka zaidi ya mita 2,000, na zinazoumia ni kucha. Zikate siku kadhaa kabla. Na soksi, nasema tena, mikunjo.

Begi la kulalia. Kwenye lebo kuna namba tatu za baridi. Angalia ile ya kustarehe tu. Ya mwisho kabisa ni ya kutokufa, na wauzaji wengine ndiyo wanayoiandika kwa herufi kubwa. Kwa Oktoba na Novemba mimi natoa la kustarehe nyuzi 15 chini ya sifuri, la manyoya ya bata. Kule kuna nyumba za wageni zenye blanketi, ila jiko linawashwa sebuleni, chumbani hakuna. Usiku jaza maji ya moto kwenye chupa ngumu, kaza kifuniko, KAZA, iweke miguuni. Asubuhi ndiyo maji yako ya kunywa. Ndani humo pia weka simu, pawabenki na kichujio cha maji. Kichujio cha nyuzi kikiganda kimepasuka ndani, na kwa macho huoni kitu.

Njiani ukikutana na yaki wamebeba mizigo, simama upande wa mlima, kamwe usisimame upande wa korongo. Hilo halihusu begi, nimekumbuka tu.

Tupime. Lukla uwanja una urefu wa mita 527, ndege ni ndogo, na unaruhusiwa kilo 15 zote pamoja, kawaida 10 begi kubwa na 5 la mkononi. Inua... 17.2. Mjomba, usicheke, vuta picha karibu. Jinzi, toa: pamba ikilowa kule haikauki. Taulo kubwa, toa. Shampuu lita nzima, huyu anakwenda saluni? Jaketi la pili la manyoya, toa, moja zuri linatosha. La mvua libaki. Buti zinakwenda miguuni, dawa na betri mkononi. Inua tena. 14.6, tumepona.

Acha siku mbili za ziada mwishoni, maana ukungu ukishuka Lukla hakuna ndege. Msimu wa watu wengi, ndege nyingi za Lukla zinaruka kutoka uwanja wa Ramechhap, mwendo wa saa nne au tano kwa gari kutoka Kathmandu, kwa hiyo mnaondoka usiku. Wa Oktoba aje kuchukua begi la kulalia kabla Septemba haijaisha. Makubwa yamebaki mawili, na moja zipu yake inahitaji mtu mwenye subira.