Filamu inaganda kila saa? Fanya hivi kabla hujaongeza kifurushi

Habari zenu wapendwa watazamaji, karibuni. Hapa nilipo ni sebuleni kwa mama, Tabata, Dar es Salaam. Hii nyuma yangu ndiyo TV yake, na hicho kiduara kinachozunguka katikati ya kioo ndicho kilichonileta leo.

Mama amefungiwa faiba, yaani intaneti inayoletwa nyumbani kwa waya, tangu mwaka jana. Alianza na kifurushi cha kasi ya megabiti 10 kwa sekunde, filamu ikawa inaganda. Nikamwambia tupande 20. Ikaganda. Tukapanda 40, na bado dakika ya kumi tu kiduara hichoo. Miezi mitano mama analipia kasi ambayo haikuwahi kufika kwenye TV yake, na mimi ndiye niliyemshauri. Jambo hilo limeniuma, ndiyo maana narekodi video hii: usiongeze hata shilingi mpaka umeshapima ndani ya nyumba yako.

Kwanza tuelewane kinachotokea ukibonyeza filamu. Dishi la king'amuzi ni kama mvua, inanyesha kwa wote kwa wakati mmoja. Filamu unayochagua mwenyewe, iwe Netflix, YouTube au Azam TV Max, ni maji ya bomba: unafunguliwa wewe peke yako. Inakuja vipande vipande vya sekunde chache, na TV inavijaza kwenye akiba yake kama unavyokinga ndoo huku unachota. Kasi ikipungua kidogo, programu inaomba vipande vyenye ubora mdogo, ndiyo unaona sura za watu zinakuwa na ukungu. Kasi ikipungua sana, ndoo inakauka, na hapo picha inaganda. Kwa hiyo ukungu ni onyo. Ukiuona, ujue bomba linatiririka kwa shida.

Haya, hatua ya kwanza. Nenda kwenye kile kisanduku cha faiba, pale waya unapoingilia ukutani. Sogeza kamera hapa. Taa iliyoandikwa PON inatakiwa iwe ya kijani, imetulia, haipepesi. Iliyoandikwa LOS inatakiwa iwe imezimika. LOS ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kabisa, usihangaike na TV.

Angalia huu waya mwembamba wa manjano. Ndani yake kuna uzi wa kioo mwembamba kama unywele, na picha inasafiri humo kama mwanga. Ukiukunja kona kali, mwanga unavuja. Wa mama ulikuwa umebanwa na mlango wa kabati, unaona hapa ulivyojikunja? Tunauachia upumue, tunauzungusha mduara mpana, mpana kuliko mdomo wa kikombe cha chai. Na tafadhali, usiuchomoe ukachungulia ncha yake. Mwanga wake hauonekani kwa jicho lakini unaweza kuliumiza. Watoto wasogee mbali.

Hatua ya pili ni kupima, na hapa naomba utulie na mimi, maana ndipo wengi tunapoliwa pesa. Chukua simu, zima data ya laini, bakia na waifai tu. Simama karibu na ruta, kile kifaa kinachorusha waifai, hatua mbili hivi. Fungua fast.com, tovuti ya kupima kasi ya intaneti, subiri namba itulie. Mimi hapa napata 38. Kifurushi cha mama ni 40, kwa hiyo kampuni imeleta ilichouza. Sasa natembea na simu hiyohiyo mpaka mbele ya TV. Napima tena. Mnaona? 4.

Kutoka 38 hadi 4, ndani ya nyumba moja, hatua kumi na moja. Netflix wenyewe wanasema picha ya HD kamili inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, na ile ya 4K, iliyo kali zaidi, inahitaji 15. Hapa mbele ya TV hata 5 hazifiki. Mama angelipia 100, bado zingekufa njiani.

Ukikuta namba ni ndogo hata ukiwa karibu na ruta, rudia kipimo asubuhi, kisha saa mbili usiku mtaa mzima ukiwa nyumbani. Asubuhi ikiwa nzuri na usiku ikaporomoka, tatizo liko kwa kampuni. Piga picha za skrini zenye saa na tarehe, halafu ndiyo uwapigie simu. Fundi hawezi kubishana na picha.

Jambo moja dogo hapa. Megabiti siyo megabaiti. Megabaiti moja ni megabiti 8. Kifurushi cha 20 kikikupakulia faili kwa megabaiti mbili na nusu kwa sekunde, hujaibiwa.

Hatua ya tatu, ruta ikae wapi. Ya mama ilikuwa nyuma ya friji, chini, kwa sababu ndipo palipokuwa na soketi. Friji ni boksi la bati, na waifai haipendi bati. Haipendi pia ukuta wa zege wenye nondo, kioo kikubwa cha kabati, wala ndoo na mapipa ya maji tunayopanga koridoni. Iweke juu, usawa wa kifua au zaidi, pawe wazi, karibu na katikati ya nyumba. Usiifunike kitambaa. Najua kitambaa cha kufuma kinapendeza, lakini ruta inapata joto. Mimi nimeihamishia juu ya hii rafu, nimeongeza waya wa mita tatu tu kutoka kwenye kisanduku.

Sasa ingia kwenye mipangilio ya TV, sehemu ya mtandao. Ruta nyingi zinatoa majina mawili, moja linaishia na 5G. Hiyo siyo 5G ya simu, ni gigahezi 5, kipimo cha mawimbi ya waifai. Ina kasi zaidi lakini inachoka haraka ikikutana na ukuta. Ile ya gigahezi 2.4 inafika mbali, ila ndiyo waliyojazana majirani wote. Kama kati ya ruta na TV kuna ukuta mmoja au hakuna, chagua gigahezi 5. Kuta mbili na kuendelea, jaribu zote mbili na upime.

Nimepima tena mbele ya TV: 31. Kifurushi ni kilekile.

Kama unaweza, nenda mbali zaidi: vuta waya wa mtandao kutoka ruta hadi TV. Chomeka upande mmoja kwenye tundu la LAN la ruta, upande wa pili nyuma ya TV, mpaka usikie "tik". TV nyingi tundu hilo linaishia megabiti 100, usijali, 4K inataka 15 tu. Faida ya waya ni utulivu: hauyumbi mtu akiwasha maikrowevu jikoni. Kwa wapenzi wa mpira wa moja kwa moja, huu ndio ushauri wangu wa kwanza kabisa.

Wanaotumia kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI, kama Fire TV Stick, angalieni kinapopata umeme. Wengi wanakichomeka kwenye tundu la USB la TV. Tundu hilo mara nyingi linatoa nusu ampea, na kijiti kinajizima na kujiwasha katikati ya filamu. Tumia chaja yake, kwenye soketi ya ukutani.

Ninyi ambao hamna faiba, mnatumia ruta ya laini yenye bando la kuhesabu, msiruke hapa. Netflix ya HD inaweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa. Filamu ya saa mbili ni 6, bando la wiki limekwisha kwa jioni moja. Ingia kwenye akaunti kupitia kivinjari, chagua wasifu wako, fungua mipangilio ya uchezaji, weka matumizi ya wastani. Hapo inakula kama gigabaiti 0.7 kwa saa. Picha inapungua ubora, lakini kwenye TV ya inchi 32 utazoea.

La mwisho ni umeme. Ukikatika na kurudi, ruta inazima na kuwaka, na filamu inarudi mwanzo wa ndoo tupu. Kuna vibetri vidogo vya ruta madukani. Kabla hujanunua, geuza ruta, soma kibandiko cha chini. Volti lazima zilingane: ikiandikwa 12V, nunua 12V. Ampea za kibetri ziwe sawa au zaidi, zisipungue. Na kumbuka kisanduku cha faiba nacho kinahitaji umeme. Ukiokoa ruta peke yake, waifai itaonekana kwenye simu lakini intaneti hakuna.

Sasa hivi ni saa mbili na robo usiku. Nimerudi kupima mbele ya TV: 29. Mwezi ujao tunamrudisha mama kwenye kifurushi cha 20, kinamtosha na wajukuu juu.

Mama, rimoti hii hapa. Chagua unayoitaka.